Jike Mmoja Peke Yake: Shajara ya Gapi, Unguja

12 Januari

Wamefika salama. Gapi 7, samaki wadogo wa kufuga tangini, majike 3 na madume 4, wamevuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, mpwa wangu akiipakata njia nzima. Sikuwamimina hapohapo. Ndoo nimeiacha ielee ndani ya tangi kwa nusu saa mpaka joto la maji likalingana, kisha kila baada ya dakika 10 nikaongeza kikombe cha maji ya tangi ndani ya ndoo. Saa saba mchana wote walikuwa wanazunguka tangini na wameshaanza kudonoa mwani kwenye kioo.

Maji ni ya kisima chetu. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ndiyo maana birika la chai hapa nyumbani halikosi ukoko mweupe. Ukoko ule ni chokaa, na gapi hustawi kwenye maji ya namna hiyo. Joto la maji leo ni nyuzi 28.

Swali la mradi ni moja. Gapi hatagi. Mayai hutungishwa ndani ya jike, viinitete hukua humo kwa chakula cha kiini chao wenyewe, na kitoto hutoka kikiwa samaki kamili anayeogelea. Tena jike akishakutana na dume mara moja huweka akiba ya mbegu kwenye mikunjo ya mfuko wake wa mayai na njia ya uzazi, akazitumia miezi inayofuata bila kuhitaji dume tena. Nataka kuliona hilo kwa macho yangu na kulihesabu: nikimtenga jike aliyekwisha pandwa, atazaa mara ngapi?

14 Januari

Nimemtenga jike mkubwa kuliko wote, urefu kama sentimita 4 na nusu. Mpwa wangu anamwita Mkubwa, nami nimelikubali jina. Anakaa kwenye tangi la lita 40 lenye chujio la sponji na kichaka cha majani maji laini kama sufu. Madume wote na majike wawili waliobaki wako tangi jingine.

Kuwatofautisha ni rahisi ukishajua pa kutazama. Jike ana rangi ya kijivu kama mchanga uliolowa, tumbo nene, na doa jeusi karibu na tundu la uzazi. Dume ni mdogo, karibu nusu yake, na amepakwa rangi zote: chungwa, buluu, madoa meusi. Lakini rangi inaweza kukudanganya kwa samaki wachanga. Alama ya kuaminika ni pezi la chini, nyuma ya tumbo. Kwa jike limetanuka kama kipepeo cha jikoni. Kwa dume limechongoka likawa kijiti, na kwa kijiti hicho ndicho anachompitishia jike mbegu. Wataalamu hukiita gonopodio.

20 Januari

Nimekaa mbele ya tangi la madume na saa mkononi kwa dakika 10. Dume mwenye doa la chungwa ubavuni amejipinda mara 14. Anakuja mpaka mbele ya macho ya jike, anatanua mapezi, mwili wote unajikunja kama herufi S, kisha anatetemeka palepale kama ukuti kwenye upepo. Mara 13 jike ameendelea kula. Mara moja amemgeukia na kumfuata taratibu.

Kuna na njia ya pili, ya kuvizia. Dume anatokea nyuma, kijiti kimeshaelekezwa mbele, anachomoka mara moja na kukimbia. Mara nyingi hapati kitu. Dume yuleyule hutumia njia zote mbili, na kule Trinidad, kwenye asili ya gapi, imeonekana kwamba panapokuwa na samaki mkubwa anayewinda, uchezaji hupungua na uviziaji huongezeka. Anayecheza huonekana na jike, na huonekana na adui vilevile.

Jioni nilidondosha kipande cha papai bivu, ukubwa wa kucha. Wote wamekirukia, madume na majike, wakakidonoa mpaka kikatoboka. Rangi ya chungwa ya dume haitengenezwi na mwili wake mtupu. Inatokana na karotenoidi, viini vya rangi anavyopata kwenye chakula, hasa mwani, na mito ya kwao huangukiwa na matunda ya rangi hiyohiyo. Dume mwenye chungwa kali ni dume aliyekula vizuri, na majike wa sehemu nyingi humpendelea. Papai nimelitoa baada ya saa moja maana huharibu maji.

2 Februari

Kizazi cha kwanza. Vitoto 19.

Tangu jana Mkubwa alikuwa hali. Alijibana pembeni nyuma ya chujio, tumbo limekuwa na pembe kama sanduku, na lile doa jeusi limetanda. Jua lilipoanza kuzama nilivuta kigoda. Kwanza alitetemeka kidogo, halafu kitu kama tone la uzi kikatoka chini yake kikiwa kimekunjwa, mkia umegusana na kichwa. Kilizama. Nilihesabu moja, mbili, tatu, na kabla ya nne kilijikunjua, kikapiga mkia na kupanda moja kwa moja kwenye majani. Urefu wake ni milimita 7 hivi, mwili wa kioo, macho mawili makubwa meusi, na ndani ya tumbo naona tone la kiini kilichobaki. Baada ya dakika 4 akatoka wa pili.

Wa sita alikuwa mzito kujikunjua. Mama yake aligeuka akammeza. Mpwa wangu alipiga kelele, na mimi moyo ulinishuka, ingawa nilijua litatokea. Gapi hana malezi yoyote. Kitoto kinachochelewa kukimbia ni chakula kama chakula kingine. Baada ya hapo kila kilichotoka nilikichota kwa kikombe na kukihamishia kwenye ndoo ya kulelea. Hao 19 ni waliookolewa.

Kuwatoa ni lazima kwa sababu nyingine, na hii ndiyo inayobeba mradi mzima: watoto wa kiume wakikomaa humpanda mama yao. Akibaki mmoja tu, hesabu yangu yote imekwisha.

Chakula cha vitoto: kiini cha yai la kuchemsha, kidogo kama ncha ya kiberiti, na dagaa wakavu waliosagwa wakapepetwa mpaka wakawa unga. Mara 4 kwa siku.

18 Februari

Hakuna la kupima leo, naandika asili ya samaki huyu. Kwao ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani, hasa Venezuela, Guyana na Trinidad. Mwaka 1859 mtaalamu wa wanyama Wilhelm Peters wa Berlin alimwandika kwa jina Poecilia reticulata kwa samaki waliotoka Venezuela. Miaka michache baadaye Robert John Lechmere Guppy, aliyekuwa akiishi Trinidad, alipeleka samaki kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, na mwaka 1866 Albert Günther wa jumba hilo, bila kujua kwamba tayari ana jina, akamwita Girardinus guppii. Jina hilo la kisayansi lilianguka kwa kuwa la Peters lilitangulia, lakini la mtu lilibaki mdomoni, na ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Kilichonigusa ni kwamba Günther huyohuyo ana wajina hapa kwetu. Madimbwi ya mvua ya Unguja yana samaki asiyepatikana penginepo duniani, Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa mwaka 1893. Nitarudi kwake.

1 Machi

Kizazi cha pili, siku 27 baada ya cha kwanza. Vitoto 31. Mkubwa amekua, na jike mkubwa huzaa wengi. Kwa siku 46 sasa hajaona dume.

4 Machi

Wa kizazi cha kwanza wamebaki 17. Leo wana siku 30 na nimewatenganisha kwa taa na kioo cha kukuzia, samaki mmoja mmoja kwenye sahani nyeupe. Majike 9, doa jeusi tayari linaonekana. Madume 8, pezi la chini limeanza kuwa jembamba lakini halijawa kijiti. Hao majike 9 ni muhimu kwangu. Ni wanawali, na watakaa tangi lao bila dume. Wasipozaa kabisa, nitakuwa na hakika kwamba anachokifanya Mkubwa kinatokana na akiba aliyoichukua kwa dume.

Ukoo huu una samaki wa ajabu zaidi, Poecilia formosa wa Meksiko na Texas, ambaye wote ni majike. Hata huyo anahitaji dume wa spishi jirani ampande ili mayai yaanze kukua, ingawa watoto huwa nakala za mama. Gapi hana hilo. Bila mbegu hakuna mtoto.

9 Machi

Nimepoteza vitoto 6 vya kizazi cha pili, na kosa ni langu. Umeme ulikatika, pampu ya kisima haikufanya kazi, nikabadilisha maji yao kwa maji ya bomba bila kuyalaza. Harufu ya klorini niliisikia na nikaidharau. Asubuhi walikuwa chini ya ndoo. Kuanzia leo kuna dumu la akiba la maji ya kisima, halifunguliwi kwa kazi nyingine.

29 Machi

Kizazi cha tatu. Vitoto 24. Masika yameanza, maji ya tangi yameshuka mpaka nyuzi 26, na muda umekuwa siku 28.

10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimeketi kuwatazama madume 8 wa kizazi cha kwanza. Wameanza kupata rangi na hakuna wawili wanaofanana, ingawa wote wana mama mmoja. Mmoja ana msitari mweusi kama wanja, mwingine ana madoa mawili ya chungwa, mwingine buluu inayowaka akigeuka tu.

Kule Trinidad tofauti hizi zimefanya gapi kuwa mmoja wa samaki waliochunguzwa sana. Mito ya milima ya kaskazini ya kisiwa hicho hukatwa na maporomoko. Chini ya maporomoko kuna samaki wakubwa wawindaji, na madume wa gapi huko wamefifia. Juu, ambako samaki hao hawafiki, madume wana rangi nyingi. Mwaka 1976 mtafiti John Endler aliwatoa gapi kwenye maji ya wawindaji akawapeleka kijito cha juu kisichokuwa na gapi. Miaka miwili haikuisha ila kizazi cha madume wa pale kilikuwa na madoa mengi na makubwa kuliko kule walikotolewa. David Reznick na wenzake waliendelea kulifuatilia kundi hilohilo, na mwaka 1990 wakaonyesha kwamba katika miaka 11 hata uzazi ulikuwa umebadilika: samaki walichelewa kukomaa, wakazaa watoto wachache walio wakubwa. Mageuzi yaliyodhaniwa ni ya maelfu ya miaka yalitokea ndani ya muda wa mtoto kumaliza shule ya msingi na kupanda sekondari. Mimi huwa narudia kulifikiria hilo kila ninapowalisha.

26 Aprili

Kizazi cha nne. Vitoto 11 tu. Akiba inakaribia kwisha, ndivyo nilivyodhani.

3 Mei

Leo ni siku mbaya.

Nilitoa sponji ya chujio nikaikamue. Nyuma yake, kwenye nafasi ya upana wa kidole, alikuwapo samaki. Sentimita 2, ubavu una doa la chungwa linaloanza kukolea, na pezi la chini ni kijiti kamili. Dume. Kitoto nilichokikosa kwa kikombe, kikajificha, kikala makombo, kikakua tangini mwa mama yake mimi nikipita mbele yao asubuhi na jioni.

Nimemlinganisha na ndugu. Ni mdogo kuliko wa Februari, sawasawa na wa tarehe 1 Machi. Kwa hiyo ana wiki 9.

Nimekaa na daftari mpaka usiku. Jike hutungisha mayai ya kizazi kinachofuata siku chache tu baada ya kuzaa. Vitoto 11 vya juzi vilitungwa mwanzoni mwa Aprili, na wakati huo huyu alikuwa na wiki 5. Kaka zake wa Februari walipokuwa na umri huo pezi lilikuwa ndiyo kwanza linachongoka, kijiti kilikamilika karibu na wiki ya 8. Kwa hiyo kizazi cha nne huenda ni cha akiba, lakini siwezi kukiandika bila alama ya kuuliza. Cha tano hakihesabiki kabisa.

Nimemtoa. Kichaka cha majani nimekikung'uta ndani ya sinia jeupe, hakuna mwingine.

24 Mei

Mkubwa amezaa vitoto 28. Kutoka 31, 24, 11, kisha 28. Mbegu mpya zimeingia, idadi yenyewe inasema. Nimefunga hesabu yake hivi: vizazi 3 vya hakika baada ya kutengwa, cha nne kina shaka. Nimemrudisha kwa wenzake apumzike.

25 Mei

Naanza upya na jike wa pili. Safari hii tangi halina kitu isipokuwa shada moja la majani linaloelea, linalotolewa na kukung'utwa kila akizaa, na chujio limebandikwa kwenye kioo pasipo nafasi nyuma. Hesabu ya vitoto itafanywa na watu wawili.

8 Juni

Bi mkubwa wa nyumba ya pili amekuja baada ya alasiri.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hao samaki wako nimesikia wanakula mbu. Usiku hatulali kule kwangu."

"Wanakula viluwiluwi, wale wanaochezacheza juu ya maji kabla hawajawa mbu."

"Basi nipe wanne niwatie kwenye tangi langu la bustani."

Ni kweli gapi wanakula viluwiluwi, na nchi nyingi walipelekwa kwa kazi hiyo. Nilikwenda kulitazama tangi. La saruji, halina mfuniko, mchicha wake wote unamwagiliwa humo. Nilichota kata 3 za maji: viluwiluwi 9, 12, 7. Lakini ukutani kuna bomba la kumwaga maji yakizidi, linaingia mtaroni, na mtaro unateremka bondeni. Nimemwomba anipe wiki mbili.

15 Juni

Nimeshuka bondeni na mpwa wangu. Madimbwi ya masika yanakauka, moja lilikuwa limebaki maji ya kifundo cha mguu. Tulichuchumaa kimya mpaka matope yakatulia. Wakatokea: madume wenye mkia mwekundu kama hina iliyokolea na magamba ya buluu yanayometa, majike wa kijivu pembeni yao. Nothobranchius guentheri. Dimbwi likikauka wote watakufa, na mayai yao yatalala ndani ya udongo mpaka mvua iyaamshe.

"Mjomba, tukiwatia gapi hapa watacheza nao?" mpwa wangu aliuliza.

Nilimjibu hapana, na nilimweleza sababu. Gapi hawezi kungoja ndani ya udongo, atakufa dimbwi likikauka. Lakini mtaro hauishiwi maji. Atakaa mtaroni, na kila mvua itakapoliunganisha dimbwi na mtaro atarudi na kizazi kizima, awakute vitoto vya wenyeji ndiyo kwanza wanaanguliwa, na ukubwa wao unaenea mdomoni mwake. Mwaka 1957 mtafiti Caryl Haskins alihamisha gapi wapatao 200 kutoka mto mmoja wa Trinidad mpaka kwenye chanzo cha mto Turure. Miongo baadaye watafiti walikuta nasaba ya wageni imeteremka maporomoko yote na kuwafunika gapi wa asili wa chini. Na jaribio lililochapishwa mwaka 2011, la kuweka jike mmoja mwenye mimba kwenye kila birika, lilionyesha kwamba mengi kati ya mabirika hayo yalipata kundi la samaki linalodumu. Jike mmoja. Mimi mwenyewe nimehesabu vitoto 85 vya jike mmoja kati ya Februari na Aprili.

20 Juni

Jike wa pili amezaa, vitoto 21, tumehesabu wawili tukapata sawa.

22 Juni

Majike 9 wa Februari wana wiki 20. Wamekomaa, wamenenepa, na hakuna aliyezaa hata kitoto kimoja. Nimewakagua tena mmoja mmoja kwenye sahani: 9 wote majike, mapezi yote ya chini kama kipepeo.

Ndio niliompelekea bi mkubwa. Jike hula viluwiluwi vingi kuliko dume kwa sababu ni mkubwa, na mwanali asiye na dume, hata bomba likimtapika mtaroni, atazeeka huko peke yake. Bomba lenyewe nalo tumelifunga kwa wavu wa chandarua kilichochakaa, mikunjo mitatu. Nimemsihi asipokee gapi mwingine kwa mtu yeyote, hata mmoja, hata wa rangi nzuri. Ameniahidi.

6 Julai

Kusi linavuma, maji asubuhi nyuzi 25. Tangi la bi mkubwa, kata 3: 0, 1, 0. Majike wote 9 wapo, wamekuja juu kivuli changu kilipogusa maji.

Jike wa pili ana siku 42 bila dume. Doa limeanza kukolea. Kwa hesabu yangu atazaa kati ya tarehe 17 na 20. Shada la majani nimelitoa leo nikalikung'uta juu ya sinia jeupe mara mbili, mpwa wangu ameshika taa. Hakuna aliyebaki.